Gari dogo la familia lenye milango ya kuteleza: namna ya kulichagua ukiwa Malindi

Kila tukitoka swala ya Ijumaa hakosi mtu wa kunivuta mkono pale pale kwenye viatu. “Eti, hiyo Sienta yako inabeba wangapi kikweli?” Wa pili huuliza kama mlango wa umeme huharibika upesi. Wa tatu ana picha kwenye simu, gari linang'aa kama sahani, liko yadi Mombasa, na anataka nimwambie atume pesa au asitume. Maswali ni yale yale, basi nayaandika mara moja.

Mimi si fundi. Ni baba wa watoto wanne, na gari nililo nalo sasa ni la pili la aina hii. La kwanza lilinitia hasara, na mengi utakayosoma hapa nilifundishwa na lile la kwanza.

Kwa nini ung'ang'anie mlango wa kuteleza? Egesha Shela ya hapa Malindi saa ya watoto kutoka chuoni (madrasa), ukuta uko kushoto, tuktuk zinapita kulia, na mtoto wako keshafungua mlango hata injini hujazima. Mlango wa kawaida hapo humvunja mtu goti au kioo cha tuktuk. Wa kuteleza hurudi nyuma ukiambatana na ubavu wa gari, basi.

Ndugu zangu wa Amu, mlio kisiwani haya hayawahusu sana, maana gari lenu litalala Mokowe nanyi mtavuka kwa boti. Lakini mlio Hindi na Mpeketoni, someni, na mkifika kwenye habari ya barabara mbovu msome mara mbili.

Kabla hujatoka nyumbani uwe na hivi:

- tepu ya kupimia;
- tochi (ya simu haitoshi, utahitaji kuilaza chini);
- sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa chembamba;
- kijiko cha chai na taulo kuukuu;
- kiti cha mtoto chenyewe, kama una mtoto mdogo;
- fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji, na nauli yake uilipe wewe;
- bei ya mwisho iliyoandikwa kwenye karatasi, na pembeni yake fungu la matengenezo ya mwanzo: oili, breki, tairi. Fungu hilo dalali asilijue.

Na nenda asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta boneti ina joto, mtu amekutangulia kuliwasha, na huwa ana sababu.

Hatua ya 1. Hesabu watu kwa majina

Viti saba vya kwenye tangazo ni viti saba vya Japani. Andika majina: nani atakaa wapi siku ya shule, siku ya harusi Mambrui, siku ya kumpeleka bibi hospitali. Safu ya tatu ya gari dogo ni ya watoto. Mtu mzima atakaa kutoka Ngala hadi Gede, lakini mpaka Mombasa, kilomita 120 hivi, atakuchukia. Kama kila wiki una watu wazima wawili wa kukaa nyuma kabisa, acha kuhangaika na magari madogo, tafuta Noah, Voxy au Serena, na unywaji mafuta wa injini ya lita mbili uukubali.

Safu ya tatu ikiwa imesimama, buti halipo. Litabaki pengo la mifuko ya shule, si la gunia la nazi. Basi uliza viti hivyo hukunjwa vipi. Vya Sienta huzama chini ya safu ya pili, na nyuma panabaki tambarare. Vya Freed huinuliwa na kufungwa ubavuni, kulia na kushoto. Ni rahisi kufanya, lakini vinakula upana na kuziba vioo vya pembeni.

Tahadhari: si kila Freed ina viti saba. Ziko za viti sita. Freed Spike na Freed+ ni za safu mbili tu, na picha ya nje haikuonyeshi hilo. Namjua mtu aliyelipa arbuni kwa picha ya ubavuni, akafika akakuta buti kubwa zuri na safu ya tatu hakuna. Omba picha ya ndani, buti likiwa wazi.

Hatua ya 2. Pima njia yako

Sienta iliyotoka 2015 ina urefu wa mita 4.24 hivi na Freed ya 2016 imeizidi kidogo tu, na zote mbili hazifiki mita 1.70 kwa upana. Solio na Roomy ni kama mita 3.70. Noah inakaribia mita 4.70. Pima lango lako, pima kichochoro, pima kona ile ya kwa jirani aliyejenga kibaraza mpaka njiani.

Mlango wa kuteleza nao una nafasi yake: kabla ya kurudi nyuma, kwanza hutoka nje kama shibiri. Ukiegesha gari limegusana na ukuta hautatoka.

Hatua ya 3. Chagua aina

Hapa ndipo watu hupotea kwa kupenda sura. Maoni yangu ni haya.

Toyota Sienta. Ya kwanza ilitoka 2003 na iliyoifuata 2015. Hiyo ya mwanzo ina injini ya 1NZ-FE ya cc 1,496, ndiyo iliyomo kwenye Probox nyingi. Maana yake fundi yeyote chini ya mwembe anaijua, na spea hukosi. Injini hiyo ina cheni, haina mkanda wa taiming. Muuzaji akikwambia “mkanda nimebadilisha juzi tu” jua anasema asichokijua. Ile ya 2015 sakafu yake ya mlangoni iko chini sana, kama sentimita 33 kutoka ardhini. Mama yangu ana magoti mabovu, naye hupanda bila kushikwa, na hilo peke yake lilinimaliza maneno.

Honda Freed. Ya kwanza 2008, ya pili 2016. Ndani ni pana kuliko Sienta na safu ya pili imekaa kiheshima. Ila tumbo lake liko chini, kama sentimita 13 na nusu. Kwa anayekwenda Kakuyuni kila siku, ni mtihani.

Suzuki Solio na Toyota Roomy (Tank ni ndugu yake Roomy, sura tu tofauti). Viti vitano, milango ya kuteleza pande zote mbili, vifupi, virefu kwenda juu. Kwa familia ya watoto wawili au watatu wakaao mjini, kwa maoni yangu hivi ndivyo bora kuliko vyote, na watu huvipita kwa kuwa havina safu ya tatu ambayo hata hivyo hawangeitumia. Solio ina injini ya lita 1.2. Roomy ni lita 1.0, silinda tatu. Ukiijaza watu na eisi ikawashwa utaisikia ikihema.

Toyota Porte na Spade. Mlango wa kuteleza ni mmoja tu, mkubwa, upande wa kushoto. Kwa kuwa sisi na Japani sote huendesha upande wa kushoto wa barabara, mlango huo hufungukia ukingoni, si kwenye magari. Kwa mzee wa kiti cha magurudumu ni gari zuri mno. Kwa watoto wanne, hapana.

Toyota Isis. Upande wa kushoto haina nguzo ya katikati, milango miwili ikifunguka pamoja unaingiza hata kabati. Lakini ni injini ya lita 1.8 au 2.0, na ilikoma kutengenezwa 2017.

Vile vidogo vya cc 660, kama Tanto na N-Box, ni vya watu wanne. Vinapendeza. Pita.

Hatua ya 4. Kuagiza au kununua la hapa

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo Sienta ya mwanzo na Freed ya mwanzo utazipata tu kwa wenye nazo hapa, zikiwa zimeshakula chumvi yetu. Ukiagiza, kumbuka mpaka wa cc 1,500: ushuru wa bidhaa kwa gari lisilozidi hapo ni asilimia 20, likizidi ni 25. Sienta na Freed kwa cc 1,496 zimepita chini kidogo tu ya kamba hiyo.

Mwagizaji akuonyeshe karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari. Gredi 4 ni nzuri, 3.5 yavumilika, R ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari tafuta herufi S na C, ndizo za kutu. Kama zimeandikwa kwenye kizingiti cha mlango wa kuteleza, usiagize. Gari linaloanza kutu Japani, Malindi litamalizia.

Hatua ya 5. Kagua milango (hapa usiharakishe)

Ukiwa na saa moja ya kukagua gari, nusu yake itumie hapa. Injini hutengenezwa popote. Mlango wa kuteleza ukiharibika, vifaa vyake ni vya modeli ile ile tu, na utavisubiri kutoka Mombasa.

Mlango hutembea juu ya reli tatu: ya juu, ya katikati ambayo huiona nje ubavuni, na ya chini iliyojificha kwenye kizingiti. Hiyo ya chini ndiyo adui yetu watu wa pwani. Kila mtoto anayetoka Silversands na miguu ya mchanga huimwaga humo.

Gari langu la kwanza nilinunua yadi moja ya Mombasa. Mlango wa kushoto ulikuwa ukifunguka kwa umeme vizuri kabisa, polepole kidogo, nikaona ni adabu ya Kijapani. Wiki ya tatu ukasimama njia ya nusu, mvua inanyesha. Fundi wangu wa Maweni hakuchukua spana. Alichukua kijiko cha chai jikoni kwangu. Akachimba mchanga mweusi wenye grisi, kokwa mbili za tende, karatasi ya peremende, na chini kabisa sarafu ya shilingi tano imelala kimya ndani ya reli. Rola, kigurudumu cha mlango, ilikuwa imeipanda na kuishuka miezi mingi mpaka ikapata upande. Mota nayo ilikuwa imevuta mzigo huo wote huku mimi nasifia adabu. Rola, waya na mota, vyote nilibadilisha.

Kwa hiyo:

1. Zima swichi kuu ya milango ya umeme, iliyo kwenye dashibodi. Fungua na ufunge kwa mkono, pole pole, kulia na kushoto. Mkono hauna adabu ya mota, utakwambia palipo na mchanga, palipo na rola mbovu. Pande mbili ziwe na uzito sawasawa.

2. Usimamishe mlango katikati ya safari uutikise juu-chini. Ukicheza kama jino bovu, rola zimekwisha.

3. Pitisha kijiko kwenye reli ya chini, mwanzo hadi mwisho. Ukitoka na mchanga tu, sawa, ni Malindi. Ukitoka na maganda ya kutu, anza kufikiria kuondoka.

4. Sasa washa umeme. Fungua na ufunge mara tano mfululizo: kwa kitasa cha nje, cha ndani, swichi ya dereva, rimoti. Mara ya kwanza kila mlango hufanya vizuri, mara ya tano ndiyo husema kweli.

5. Viringisha taulo uliweke njiani mlango ukijifunga. Ukigusa tu urudi. Usijaribu kwa mkono, wala usikubali muuzaji akujaribie kwa mkono wa mtoto. Nimeyaona hayo kwa macho yangu.

6. Omba jirikeni ya maji, mwaga juu ya mlango uliofungwa, kisha fungua upapase mpira na zulia.

7. Fungua mlango mpaka mwisho gari likiwa kwenye mteremko mdogo. Ubaki pale. Usioshika mwisho wa reli utamrudia mtoto akishuka.

Nitasema jambo ambalo madalali hawalipendi: kama gari limezidi miaka kumi, mlango wa mkono ni bora kuliko wa umeme. Gari nililo nalo sasa, kushoto ni wa umeme na kulia ni wa mkono. Kulia sijawahi kutoa hata shilingi.

Hatua ya 6. Lala chini

Tandika gunia, washa tochi. Angalia kizingiti cha chini ya milango kwa urefu wote, kisha pitisha sumaku. Ikishika, ni bati. Ikidondoka, ni filla iliyopakwa rangi, na nyuma yake pana tundu. Gari lililoishi karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni au lililoegeshwa miaka mbele ya bahari huliwa hapo kwanza, kwa sababu reli ya chini hukusanya mchanga wenye chumvi na maji hayakauki. Rangi mpya nyeusi chini ya gari lote ni pambo la siku ya kuuza. Ikwangue kidogo.

Hatua ya 7. Injini na gia

Mwache fundi wako afanye yake, wewe shika mambo mawili.

Kwanza, nyingi za gari hizi zina giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua hatua), na CVT ina oili yake. Aliyeiwekea oili ya gia ya kawaida kwa kuona rahisi ameiua, imebaki kuzikwa. Muulize muuzaji aliweka oili gani na uone kama anajua jina. Ukiendesha, gari likitetema kama linasita kuondoka, au likanguruma bila kukimbia, rudisha ufunguo.

Pili, haibridi (gari la petroli na mota ya umeme). Mfumo wa Sienta haibridi ni ule ule uliozoeleka kwenye Toyota nyingi na mafundi wengi wameshaushika. Freed haibridi ya 2016 ni nyingine, ina giaboksi ya klachi mbili, na huwa na mshtuko kwenye foleni. Kaijaribu penye mwendo wa konokono, si barabara wazi ya Watamu. Kwa zote mbili, betri kubwa huvuta hewa kupitia tundu dogo ndani ya gari, karibu na viti. Ukikuta tundu limefunikwa na zulia au limejaa mchanga, betri hiyo imekuwa ikipikwa.

Hatua ya 8. Jaribu na watu wako

Si wewe na dalali. Wapakie wote wale uliowaandika. Funga kiti cha mtoto, kisha uone kama mtu bado anaweza kupita kwenda safu ya tatu. Hesabu mikanda, yote ivutike na ishike. Washa eisi saa saba mchana na umuulize aliyekaa nyuma kabisa, kwa sababu magari mengi ya kundi hili hayana matundu ya upepo huko, na vioo vya safu ya tatu havifunguki. Mwezi wa tatu, kabla mvua haijashuka, huko nyuma ni tanuri.

Kisha pita juu ya matuta mkiwa wote ndani. Gari tupu huruka tuta lolote. Likisugua tumbo mkiwa saba, hiyo ndiyo hali yake ya kila siku.

Hatua ya 9. Karatasi

Fanya upekuzi wa gari kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), upande wa NTSA (mamlaka ya usafiri), kabla ya arbuni. Jina la mwenye gari liwe la anayekuuzia, na pasiwe na mkopo wa benki juu yake. Linganisha namba ya chesisi kwa macho yako. Uhamisho wa umiliki ukamilike kabla hujamaliza kulipa. Na bima ya thadi pati ni lazima kabla gari halijaingia barabarani.

Ukishalinunua na mlango ukasumbua

Haufunguki kabisa kwa umeme: angalia swichi kuu kwanza, watoto huipenda. Kisha uone kama gia iko P. Ukifunguka kwa nje na kukataa kwa ndani, ni kufuli ya mtoto, kale kaklipu kadogo ubavuni mwa mlango.

Wa kushoto umekataa petroli stesheni, wa kulia wafunguka: funga mfuniko wa mafuta. Magari mengi hufungia mlango wa upande huo makusudi usigonge pampu. Nilipigiwa simu saa nne usiku kwa hili, na mpigaji alikuwa ameshamwita fundi.

Unajifunga, unafika katikati, unarudi: unadhani umebana mtu. Safisha reli kwa kijiko na brashi, kisha kitambaa cha maji matamu, ukauke. Usipake grisi nzito kwenye reli, inanata mchanga na kufanya msasa. Nyunyiza silikoni kidogo kwenye rola tu.

Umebadilisha betri na mlango umesahau kazi yake: ufunge kwa mkono mpaka mwisho kabisa, kisha jaribu umeme tena. Mara nyingi unakumbuka.

Taa ya mlango haizimi kwenye dashibodi ingawa umefunga: usiiache mpaka asubuhi, itamaliza betri. Angalia ndoano ya kufungia, mara nyingi kuna kitu kimekaa hapo. Kwangu ilikuwa ubuyu.